Makusanyo ya magemu ya mezani kwenye kompyuta (karata, drafti, chesi, dhumna): wateja wanasemaje, na lipi linafaa kununuliwa?

#1 (Mleta uzi)

Mbukwenyi wana Dodoma, na wengine wote heshima zenu.

Mimi ni muuzaji na fundi wa kompyuta hapa mjini. Wateja wangu wengi ni watu wazima: walimu, watumishi waliohamia na serikali kutoka Dar, wastaafu wa Area C na Area D, wenye nyumba za wageni. Mtu akishachagua mashine, akishauliza habari za chaji na dhamana, swali linalofuata mara nyingi ni hili: “Na yale magemu ya mezani yamo?” Hana haja na mpira wala magari. Anataka karata, drafti, chesi, dhumna, na vile vigae vya Mahjong vya kuondoa viwili viwili.

Zamani jibu lilikuwa rahisi kwa sababu magemu yalikuja na Windows yenyewe. Solitaire iliingia na Windows 3.0 mwaka 1990. Aliyeiandika ni Wes Cherry, wakati huo akiwa kijana wa mafunzo kazini pale Microsoft, na picha za karata zilichorwa na Susan Kare. Ilikuwa na kazi ya maana pia: watu wengi hawakuwa wamezoea kipanya, na kuburuta karata kutoka safu moja hadi nyingine kuliwazoesha mkono. Nawajua wahudumu wa ofisi waliojifunza kompyuta kwa njia hiyohiyo. Baadaye zikaja karata nyingine, FreeCell, Hearts, Spider, na kwenye Windows Vista na 7 tukapata Chess Titans yenye viwango 10 pamoja na Mahjong Titans. Yote bure, yote bila intaneti.

Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 yale magemu hayakuwamo tena. Mahali pake pakawekwa mkusanyiko wa kupakua wenye michezo mitano: Klondike (ndiyo Solitaire ile tunayoijua), Spider, FreeCell, Pyramid na TriPeaks. Yote mitano ni karata za mtu mmoja. Chesi hamna, drafti hamna, dhumna hamna. Ulipoingia ndani ya Windows 10 mwaka 2015 ulikuwa na matangazo, na anayetaka kuyaondoa alitakiwa kulipia dola 1.49 kwa mwezi au 9.99 kwa mwaka. Hapo ndipo wateja walipoanza kutafuta makusanyo ya watengenezaji wengine, yale yanayoandikwa “michezo 50 ya kale”, “michezo 100 kwa pamoja”.

Nimewafungia watu makusanyo mengi ya namna hiyo, na kila mtu akirudi dukani namuuliza ameyaonaje. Hili ndilo nililolipata.

Kwanza, idadi iliyoandikwa juu ya kasha haisemi chochote. Kuna mkusanyiko ambao Klondike ya kugeuza karata moja imehesabiwa mchezo mmoja, Klondike ya kugeuza tatu mchezo wa pili, na Klondike ya kuhesabu alama kwa fedha mchezo wa tatu. Spider ya rangi moja, mbili na nne, mitatu mingine. Hapo umeshafika sita na bado uko kwenye michezo miwili. Mwalimu mmoja wa hesabu aliniambia alikaa na orodha na kalamu, na ile mia ikabaki michache sana.

Pili, kuna kasi. Hili wateja walilisema kuliko nilivyotazamia. Mtu anataka kufungua, acheze, afunge. Anakutana na nembo za makampuni, muziki, kisha mlango wa mbao unaofunguka taratibu, kisha ukumbi wenye meza, ndipo achague. Karata nazo zikigawiwa zinaelea angani. Siku ya kwanza anafurahi, wiki ya pili anatafuta pa kuzizima na hapaoni.

Tatu, mpinzani. Kwa maoni yangu hapa ndipo makusanyo mengi yanapoanguka, na ndipo watu wanaoandika sifa mitandaoni wasipopagusa kabisa. Utasoma “picha nzuri”, “rangi zinavutia”. Lakini mchezo wa mezani ni sheria na mtu wa kukaa mbele yako. Kompyuta ikikaa hapo lazima ijue kucheza, na ijue kucheza kwa kiwango chako. Mzee wa dhumna hana raha kumfunga mpinzani anayetupa jiwe lolote linaloingia.

Kati ya makusanyo ya zamani, jina la Hoyle ndilo wateja wa umri wangu wanalolitaja kwa heshima. Mfululizo huo ulianzishwa na kampuni ya Sierra mwaka 1989. Jina ni la Edmond Hoyle, Mwingereza aliyeandika kijitabu cha mchezo wa karata wa Whist mwaka 1742, na tangu hapo sheria za karata Ulaya zikawa zinahesabiwa kwa jina lake. Kitu walichokipenda ni kwamba unacheza na wahusika wanaoongea mezani, na ukichoka nao unawanyamazisha.

Naomba maoni yenu. Umenunua lipi, umelipenda au umelichukia, na kwa nini?

#2

Kijana, asante kwa uzi huu. Mimi ni mstaafu, nipo Kikuyu, na mchezo wangu ni FreeCell.

Niseme kwa nini. Klondike unaweza kuchezewa vibaya na bahati tangu karata zinapogawiwa. FreeCell karata zote 52 ziko wazi mbele yako tangu mwanzo. Ukishindwa, umeshindwa mwenyewe. Ile ya kwanza ya Windows ilikuwa na migao 32,000 yenye namba, na watu duniani walijigawia kazi wakaitatua yote isipokuwa mmoja tu, namba 11982. Huo umekaliwa na watu na kompyuta, haufunguki. Jambo hili lilinivutia sana, kwamba unaweza kumpigia mwenzako simu ukamwambia “fungua namba fulani” na wote wawili mkawa na karata zilezile. Rafiki yangu yuko Singida, tulikuwa tukishindana hivyo jioni kwa jioni.

Sasa katika makusanyo haya mapya niliyonunuliwa na watoto, namba hazipo. Kuna “changamoto ya leo”, kuna medali, kuna nyota, kuna kuombwa kufungua akaunti. Mimi medali sihitaji. Nataka namba ya mgao, kitufe cha kurudisha hatua, na karata zenye tarakimu kubwa. Macho yetu haya ya miaka sabini hayawezi kutofautisha shupaza na pau zikiwa zimechorwa kwa mapambo. Anayetengeneza hizi karata azifikirie pia sura zetu tunaozitazama.

Kama unao wa namna hiyo, nitakuja dukani.

#3

Wakuu, kwani simu haitoshi? Ludo ipo, drafti ipo, karata zipo, vyote bure. Kununua diski ya karata mwaka huu naona ni kupoteza hela.

#4 (Mleta uzi)

#3, kwa mtu wa daladala simu inatosha kabisa. Lakini kioo cha simu hakimtoshi mzee wa #2, na magemu mengi ya bure ya simu yanakata mchezo katikati yakuoneshe tangazo la nusu dakika. Na bando ni lako. Sizungumzii kumlazimisha mtu anunue, nazungumzia anayetoa hela yake apate kitu cha haki.

Mzee wa #2, shikamoo. Namba za mgao zipo kwenye baadhi ya programu za bure, nitakuandikia chini.

#5

Mimi ni mtu wa drafti, kijiwe changu kipo Majengo karibu na soko. Mleta uzi umegusa mpinzani, mimi naanza na sheria, kwa sababu mpinzani mzuri mwenye sheria siyo ni sawa na hakuna.

Nilinunua mkusanyiko mmoja kwa ajili ya drafti tu. Nikafungua, ubao ni ule wetu wa 8 kwa 8, kete 12 kila upande, nikasema safi. Nikacheza, nikaingia king. Nataka king wangu aruke kutoka kona hii hadi kona ile akale kete iliyokaa mbali, kompyuta inakataa. King anatembea hatua moja kama mtoto anayejifunza. Nikafikiri programu mbovu. Kumbe hiyo ndiyo drafti ya Waingereza, ambayo Wamarekani wanaiita checkers: king wao haruki, anasogea nyumba moja tu, ila anaruhusiwa kurudi nyuma. Sisi king wetu anaruka. Mchezo wote unabadilika hapo, maana kwetu king mmoja anaweza kushika njia kuu na kukunyima usingizi, na mwisho wa mchezo tunaucheza kwa kumtega king, wakati kwao kete tatu za king zinaweza kufukuzana mpaka watu wakalala.

Kuna kitu kingine. Hata sisi wenyewe vijiwe havifanani. Kuna mahali kete ya kawaida inakula kurudi nyuma, mahali pengine haili hivyo. Ndiyo maana mgeni akija kukaa kwenye benchi letu anauliza kwanza kabla ya kupanga vifuniko vya soda. Mtengenezaji wa makusanyo angeweka ukurasa mmoja tu wa kuuliza maswali hayohayo: king anaruka? kete inakula nyuma? kula ni lazima? Ukishajibu, mchezo unaanza. Ni kazi ndogo, lakini kwenye lile nililonunua mimi kulikuwa na mahali pa kuchagua rangi ya mbao za ubao, aina ya marumaru, hata mandhari ya dirishani. Sheria ya king, hakuna.

Kwa hiyo maoni yangu kama mteja: hapana. Hela yangu ilinunua ubao mzuri wa kutazama.

#6

Mkuu #5 umenikuna, mimi ni mwanafunzi hapa UDOM, CIVE (ndaki ya kompyuta), na hili la drafti nimelisoma.

Hiyo drafti ya Waingereza ndiyo iliyofanyiwa kazi kubwa zaidi na watu wa kompyuta. Kule Kanada, Chuo Kikuu cha Alberta, Jonathan Schaeffer na wenzake walitengeneza programu inaitwa Chinook. Mwaka 1994 ilitwaa ubingwa wa dunia baada ya Marion Tinsley, bingwa wa drafti hiyo, kujitoa katikati ya pambano kwa sababu ya ugonjwa. Tinsley huyo alikuwa ameshindwa michezo ya kuhesabika tu katika miaka arobaini. Kisha mwaka 2007 wakathibitisha kabisa kwamba pande zote mbili zikicheza bila kosa, mchezo ni sare. Ndiyo maana makusanyo ya nje yanabeba drafti hiyo: programu zake zipo tayari, zimejaa, mtengenezaji anachukua na kuvalisha picha.

Kwa drafti inayokaribia yetu, tafuta programu zinazotoa chaguo la sheria za Kirusi au Kibrazili. Zote ni ubao wa 8 kwa 8, kete 12, king anaruka mbali, na kete inakula mbele na nyuma. Kuna tovuti ya bure inaitwa Lidraughts yenye aina zote hizo pamoja na ile ya kimataifa ya 10 kwa 10 yenye kete 20 kila upande. Hiyo inataka intaneti lakini ni nyepesi, na haina tangazo hata moja.

Kuhusu viwango vya mpinzani, naomba niongeze kitu ambacho wateja hawakioni. Kuna njia mbili za kuifanya kompyuta iwe dhaifu. Ya kwanza ni kuipunguzia umbali wa kutazama mbele, iwaze hatua mbili badala ya kumi. Hapo inakosea kama mwanadamu anayeanza: inaona kete ya kula, haioni mtego nyuma yake. Ya pili ni kuiacha iwaze vizuri, kisha mara mojamoja uilazimishe icheze hatua ya ovyo. Hapo unapata mpinzani wa ajabu, anacheza kama bingwa hatua tisa, ya kumi anakupa malkia bure. Watu wa chesi wanaichukia sana hii, na kwa kweli haimfundishi mtu chochote, kwa sababu hujashinda kwa akili yako, umesubiri tu aanguke. Ukitaka kujua mkusanyiko wako ni wa aina gani, cheza kiwango cha kati michezo kadhaa utazame makosa yake yanafanana au yanatoka hewani.

Na chesi ya kununua siku hizi sioni sababu. Programu ya Stockfish ni bure na inamshinda mwanadamu yeyote. Tovuti ya Lichess ni bure pia, ilianzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, haina matangazo.

#7

Habari zenu. Mimi ni mama, nipo Ipagala, nina watoto watatu na nyumba ndogo ya wageni. Mkusanyiko wetu upo kwenye kompyuta ya mapokezi na wageni wanaucheza usiku.

Nimesoma mnavyozungumzia mpinzani wa kompyuta, lakini mimi nilinunua kwa ajili ya watu wawili kukaa pamoja. Hilo sijaona mtu akilisema. Nataka mwanangu wa darasa la tano na dada yake wakae mbele ya kioo kimoja wacheze nyoka na ngazi au ludo, huyu akimaliza zamu anampa mwenzake kipanya. Kasha liliandika “wachezaji 1 hadi 4”. Nilipofika nyumbani nikakuta hao wanne ni kupitia intaneti, kila mtu na mashine yake na akaunti yake. Watoto wa darasa la tano nitawafungulia akaunti za nini? Basi, michezo ya ubao ikabaki ya mtu mmoja dhidi ya wapinzani watatu wa kompyuta.

Jambo la pili ni dadu. Wageni wangu karibu wote wanalalamika kwamba kompyuta inajipa sita. Kuna baba mmoja wa Mpwapwa alikasirika kwenye bakgamoni (mchezo wa ubao wa kete na dadu) mpaka akafunga mashine kwa nguvu. Mimi sijui kama ni kweli, ila najua kwamba mtu akishashuku dadu hachezi tena. Ubao wa kweli una raha hiyo, dadu iko kiganjani mwako na kila mtu anaiona inavyoanguka.

Ningependa kujua kama kuna mkusanyiko ambao ukitupa dadu yako ya kawaida mezani unaiandika wewe mwenyewe.

#8

Dada #7, upo. Programu ya bure ya bakgamoni inaitwa GNU Backgammon inakuruhusu kuingiza dadu kwa mkono. Unatupa zako mezani, unaandika ulichopata, na za kompyuta pia unaitupia wewe. Baba wa Mpwapwa akirudi mwoneshe hiyo.

Na kuhusu kujipa sita, sababu yake mara nyingi ni kwamba programu nzuri ya bakgamoni inapanga kete zake ili namba nyingi zimfae. Ikitoka mbili inamfaa, ikitoka tano inamfaa, ikitoka sita inamfaa. Wewe unaona ana bahati, yeye alishajiandalia. Tangu TD-Gammon ya Gerald Tesauro wa IBM, miaka ya mwanzo ya 1990, programu zilijifunza hilo kwa kucheza zenyewe kwa zenyewe, na mabingwa wa kibinadamu wakabadilisha baadhi ya hatua zao za ufunguzi kwa kuzitazama.

#9

Assalaam alaykum wote. Nimehamia hapa kikazi, ofisi ipo Mtumba, asili yangu ni Unguja. Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu ataje bao, hakuna aliyelitaja. Basi nitalitaja mimi, na mnisamehe nikirefusha.

Katika makusanyo mengi ya michezo ya mezani utakuta mchezo umeandikwa Mancala, na maelezo yanasema ni mchezo wa kale wa Afrika. Ukiufungua unakuta safu mbili za mashimo sita sita, kete nne kila shimo, na ghala moja kila upande. Huo ni Kalah. Aliyeubuni ni Mmarekani, William Julius Champion, mwaka 1940, akauuza kama mchezo wa biashara. Ni mchezo mzuri kwa watoto, na kompyuta zimeshauchambua mpaka mwisho: anayeanza akicheza sawasawa anashinda. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kumwambia mteja wa Kizimkazi au wa Dodoma kwamba huo ndio mchezo wake.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete sita ndani ya nyumba (shimo kuu la safu ya mbele), mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 anabaki nazo mkononi. Hizo za mkononi anazinamua (anaziingiza ubaoni) moja moja, na kila moja inaweza kula au kutakata (kusambaza kete bila kula). Zikiisha ndipo mchezo unaingia mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Nyumba ina sheria zake, kichwa na kimbi (mashimo ya miishoni mwa safu ya mbele) vina sheria zake za upande wa kuanzia, na kete moja unayoiweka inaweza kuzunguka ubao, ikala, ikazunguka tena, mpaka mtazamaji apoteze hesabu. Mafundi wa bao wanaisoma mizunguko hiyo kichwani kabla ya kugusa kete. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa Zanzibar akaandika utafiti mzima kuhusu akili inayotumika pale, mwaka 1995. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mchezaji wa bao, kila mtu anajua.

Sasa kompyuta ingelisaidia bao kuliko mchezo wowote mliotaja. Mwanafunzi wa bao anapata tabu kwa sababu mizunguko inakwenda haraka na fundi hana subira ya kukurudishia. Kompyuta inaweza kukuonesha kete moja moja, kukurudisha nyuma, kukuuliza ungelicheza wapi. Karata ya Solitaire iliwafundisha watu kipanya, na bao lingeweza kufundishwa kwa kipanya hichohicho. Nimenunua makusanyo mawili yenye neno Afrika kwenye tangazo lake, na yote mawili yalikuwa Kalah. Mimi mteja nasema wazi kwamba sikuridhika, na nitaendelea kusema mpaka atokee kijana wa kulitengeneza vizuri. #6, mko hapo CIVE, mnasikia?

#10

Sheikh #9, tumesikia. Sheria za nyumba ndizo zinazosumbua kuziandika, hasa lini mchezaji ana hiari ya kusimama au kuendelea na safari akifika hapo. Ukikubali kukaa nasi jioni moja pale Nyerere Square na ubao wako, tunaanza kuziandika moja moja. Natuma ujumbe pembeni.

#11

Niko Kondoa, naongezea upande wa huku kwetu ambako intaneti haiko kila saa.

Mkusanyiko niliouziwa na duka moja ulikuwa kwenye diski, na mashine zetu mpya hazina pa kuingizia diski. Nikahamishiwa kwenye flashi. Ukaniomba namba ya uthibitisho, nikaiandika, ukataka intaneti kuihakiki. Nikasafiri nayo mjini, ikahakikiwa. Baada ya muda nikabadilisha mfumo wa mashine, ikataka tena kuhakikiwa, na safari hiyo mtambo wao wa kuhakiki ulikuwa umeshafungwa. Nina kasha, nina namba, nina risiti, sina mchezo.

Na hili si la wadogo tu. Wanaokumbuka Windows 7, kulikuwa na drafti, bakgamoni na karata za Spades za kucheza na watu kwa intaneti. Januari 2020 huduma yake ilifungwa, na ile drafti haikuwa na njia ya kucheza na kompyuta peke yake, kwa hiyo ikabaki picha tu. Chess Titans iliyokuwa mashine ileile iliendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa sababu haikumtegemea mtu wa nje. Mimi tangu hapo nauliza swali moja tu kabla ya kutoa hela: nikichomoa waya wa intaneti, kinafunguka?

#12

#11 umesema la maana kuliko sote.

#13 (Mleta uzi)

Nimefurahi sana na uzi huu, nimeandika maoni yenu yote pembeni kwa ajili ya wateja watakaofuata. Sasa nijibu maswali.

Mzee wa #2, programu inayokufaa inaitwa PySolFC. Ni ya bure, inafanya kazi Windows na Linux (mfumo wa bure wa kompyuta), haina matangazo wala akaunti, ina michezo ya karata zaidi ya elfu moja pamoja na vigae vya Mahjong, na kila mgao una namba yake. Wewe na mwenzako wa Singida mkiwa nayo wote mnaweza kuendelea kushindana kama zamani. Karata zinabadilishika, nitakuwekea zenye tarakimu kubwa na bila mapambo. Njoo na mashine siku yoyote isipokuwa Jumapili.

#11, kwa mashine ya zamani yenye kumbukumbu ndogo nashauri Linux nyepesi. Juu yake unaweka AisleRiot, ina michezo ya karata ya mtu mmoja zaidi ya 80, pamoja na chesi na Mahjong za GNOME, watengenezaji wa programu za bure za Linux. Zikishawekwa, chomoa waya, zote zinafunguka. Ninazo kwenye flashi, nitamkabidhi dereva wa basi la Kondoa ukiniambia lini.

Dada #7, chesi na bakgamoni za watu wawili kioo kimoja nimekupata, zote bure. Nyoka na ngazi ndiyo bado naijaribu. Niliyoipata ni nzuri lakini imejaa matangazo, na kwa watoto siwezi kukupa hiyo.

Tahadhari moja kwa wote. Kuna watu wanapakua “magemu ya Windows 7” kutoka tovuti zisizojulikana wayaweke kwenye Windows 10 na 11. Mashine zilizoletwa kwangu baada ya hapo zimekuja na virusi, na mmoja alipoteza picha za harusi ya mwanawe. Msifanye hivyo.

#5, hiyo Lidraughts nimeifungua leo dukani nikaweka sheria za Kirusi. King anaruka. Nimefungwa michezo yote. Pita kesho baada ya saa kumi uje uitazame wewe mwenye mchezo, uniambie kama kula kwake nyuma kunawafaa watu wa Majengo au wataukataa.

#14

Nitapita. Nakuja na wawili wa kijiweni, maana mimi peke yangu siwezi kuusemea ubao wote.